Nilivyobaki na Tangi Mashuuru

Kijana anayeniletea gesi hapa Noonkopir, mtaa wa Kitengela, huniogopa kidogo, na sababu naijua. Kabla hajazima pikipiki, huwa nimeshasimama mlangoni na pesa taslimu mkononi, kamili, zimekunjwa mara moja. Juzi aliniuliza, "Mathe, si ungeangalia mtungi kwanza? Na siku hizi watu hutuma kwa simu." Nikamjibu kwamba nitauangalia baadaye. Alipoondoka, niliuchunguza mtungi ule kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili: nikatazama kama mpira wa ndani upo, nikanusa, nikafunika, nikarudi kunusa. Mtu aliyefanya kazi yangu hawezi kumwacha mwenye mzigo akasubiri pesa yake, na wala hawezi kuuamini mzigo wenyewe. Hizo ni hofu mbili tofauti, na mimi ninazo zote mbili.

Nawaandikia ninyi mnaopeleka mizigo ya watu, ambao simu huwaambia kwamba pesa imeingia hata kabla mteja hajalifungua boksi. Hamkuniomba ushauri. Lakini nawaona barabarani, nawaona mkisimama nje ya geti mmeshika kifurushi cha mtu anayesema yuko njiani, nami hupunguza mwendo kana kwamba kifurushi hicho ni changu.

Niliingia katika kazi hii bila kuitafuta. Nilikuwa nimemaliza shahada ya uzamili ya uchumi katika miaka ya tisini, wakati serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi badala ya kuajiri. Nilituma maombi hadi nikachoka kulamba bahasha. Mwishowe Mzee Kariuki, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi na maji hapa Kitengela, alinichukua kuwa karani wa kupokea pesa za mizigo inayopelekwa. Ubavuni mwa lori lake kulikuwa na maneno yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu: LIPA UKIPOKEA.

Wiki ya kwanza nilimwendea mzee huyo na swali. Hiyo "ki" ya "ukipokea", nilimwambia, ina maana zaidi ya moja. Je, ni lipa wakati unapokea, au lipa ukishapokea, au lipa iwapo utapokea? Kwa sababu katika maana ya kwanza hakuna anayemtangulia mwenzake, katika ya pili duka limetangulia kutoa mali, na katika ya tatu mteja anaweza kukataa kabisa. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua kofia, akajikuna kichwa.

"Madam," akasema, "maana yake ni kwamba watu wa mbali waache kuogopa. Wamelipa mbele wakakulwa pesa. Na mimi nimepeana mali mbele nikakulwa. Sasa tukutane hapo nyuma ya lori. Hiyo 'ki' utaikuta huko."

Niliikuta kweli. Nafasi iliyopo kati ya mkono unaotoa mzigo na mkono unaotoa pesa ni ndogo sana, lakini nimeishi humo miaka mingi, na sijawahi kutulia humo.

Tulikuwa na taratibu zetu, nazo ninawapa kwa kuwa baadhi bado zinafaa. Kamba ya mzigo haifunguliwi kabla pesa haijaonekana. Si kuahidiwa, kuonekana. Mzigo wenye sehemu mbili, sehemu moja inakaa ndani ya kabini: tangi la maji liko nyuma, kifuniko chake kiko chini ya miguu yangu. Ukiuza mlango, ufunguo unakaa mfukoni mwako. Na kamwe usihesabu noti ukiwa umesimama nje katika nyika hii. Hilo nililijua upande wa Isinya, mteja wa simenti aliponiwekea noti juu ya boneti ya lori. Upepo wa hapa haubishi hodi. Noti zilipaa, tukazikimbiza mimi, mteja na dereva wetu Muthama, huku kundi la swala likitutazama kama watu waliopungukiwa na akili. Tulizipata zote, lakini Muthama alirudi na suruali iliyopasuka kwenye miiba.

"Hii suruali tunaiandika wapi?" akaniuliza. "Kwa uchumi wako inaitwaje?"

"Gharama za usafirishaji," nikamwambia.

"Basi nirudishie gharama."

Muthama nimjulishe kwenu vizuri, kwa sababu habari ninayotaka kuwasimulia ni yake. Alikuwa mtu wa Machakos, mzee wa kanisa, baba wa watoto watatu, mkubwa wao akiwa kidato cha pili katika shule ya bweni. Mimi nilikuwa napokea pesa, yeye alikuwa analinda kamba. Ndivyo Mzee Kariuki alivyogawa lawama. Mzigo ukishuka bila pesa, anayeulizwa ni dereva, maana ndiye aliyefungua. Na Muthama alikuwa amefungua mara moja. Alimwachia muumini mwenzake mabati kwa neno tu, muumini akahama mtaa, na Muthama akakatwa mshahara hadi deni likaisha. Siku lilipoisha, Mzee Kariuki alimwita mbele yetu sote akamwambia kwa sauti ya chini, "Muthama, ikitokea tena usiniambie hadithi. Weka tu ufunguo wa gari hapo mezani, uende." Tangu siku hiyo alikuwa akikagua kamba kila tuliposimama, hata tulipokuwa tumesimama kupisha mbuzi.

Kabla sijafika kwenye siku yenyewe, kuna mteja mmoja ambaye lazima nimtaje, kwa kuwa alinipa tatizo la kufikiri ambalo sikulimaliza upesi. Alikuwa hapa hapa Noonkopir, kijana aliyehamia nyumba ya kupanga, na alikuwa ameagiza kitanda. Alisema hawezi kulipia kitu ambacho hajakijaribu. Ilikuwa haki yake. Mnunuzi anayelipa akipokea ana ruhusa ya kuangalia kwanza. Tukakiunga. Akalala. Tukasubiri.

"Sasa, boss?" Muthama akauliza.

"Bado nakijaribu," akajibu akiwa amefumba macho.

"Unakijaribu ama umelala?"

"Utajuaje kitanda ni kizuri kama hujalala?"

Muthama alimvuta mguu, naye akalipa huku akicheka. Mimi sikucheka. Niliporudi nyumbani nilikaa nikiwaza ni wakati gani hasa kuangalia kunageuka kuwa kutumia, na sikupata mpaka kati ya hayo mawili.

Sasa simu zikaja. Nyinyi hamwezi kujua tulivyozishangilia. Hapo awali mteja wa mbali alituma ujumbe kwa kondakta wa basi, nasi tukaenda tukiwa gizani: pengine tunamkuta, pengine amekwenda mazishini, pengine pesa ililipa karo jana. Mzee Kariuki akaweka sharti jipya. Lori halitoki mpaka mteja apigiwe simu, aulizwe kama pesa iko, na yeye mwenyewe aseme iko. Neno hilo moja. Aliyepewa kazi ya kupiga ni Mwikali, msichana mchangamfu wa pale kaunta, ambaye alijifunza salamu za Kimaasai kutoka kwa akina mama wa sokoni ili wateja wajisikie wako nyumbani.

Wakati ule ukame ulikuwa mkali na kila mtu mwenye bati alitaka tangi kabla ya mvua. Mama mmoja wa upande wa Mashuuru, Mama Resian, aliagiza kubwa kupitia jamaa yake. Kupata mtandao huko kulikuwa kupanda kilima, na simu ilikuwa ya mwenye duka wa huko kwao. Mwikali alipiga nikiwa nimesimama kando yake. Ili asimalize muda wa maongezi, alisema kwa pumzi moja, "Takwenya mama, hii ni duka ya Kitengela, pesa iko?"

"Iko," sauti ikaja, kisha simu ikakatika.

Mwikali akaweka simu chini. "Iko," akatuambia. Muthama akafunga kamba.

Tuliiacha lami Kajiado asubuhi tukashika barabara ya vumbi. Kulikuwa na mawingu upande wa milima ya Chyulu, lakini mawingu yalikuwa yametudanganya mwaka mzima, hivyo hatukuyajali. Muthama alianza kuyatazama pale tulipotoka barabarani na kuingia kwenye udongo mweusi, ule ambao ukikauka ni mwamba na ukilowa ni uji. Tulifika kwa Mama Resian mchana. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, mchangamfu, na nyumba yake ya bati jipya ilikuwa na gata ya kukinga maji ya paa imeshapigwa misumari, inangoja tangi tu. Alitupa chai. Nikamwambia, kwa upole, kwamba sasa tungependa kuona pesa.

"Pesa bado," akasema. "Mzee ameenda soko ya ng'ombe kuuza dume. Atakuja nayo jioni."

Muthama akaweka kikombe chini. "Mama, si ulisema kwa simu pesa iko?"

"Mimi? Mimi sijasema pesa iko."

"Uliulizwa, ukasema iko."

Mama Resian alimtazama, akanitazama, kisha akaanza kucheka hadi akashika ukuta. "Yule msichana alinisalimia na salamu yetu. Takwenya. Sasa mwanamke akiambiwa takwenya atajibu nini? Si ni iko? Nilifurahi, nikaitikia vizuri. Hayo mengine sikusikia, simu ilikuwa imekufa."

Sote tulikuwa tukiijua salamu hiyo. Hata mimi nilikuwa nimesalimiwa hivyo sokoni mara zisizo na idadi, na nikajibu vivyo hivyo. Hakuna aliyekosea. Mwikali aliuliza swali sahihi, mama akajibu sawasawa, na jibu la salamu likafika Kitengela limevaa nguo za jibu la pesa. Wanangu, niliogopa pale kuliko ambavyo ningeogopa mwizi, kwa sababu mwizi unaweza kumtafuta.

Muthama hakuwa na muda wa kuwaza hayo. Alikuwa nje, anatazama mbingu.

"Hiyo iko mbali," Mama Resian akamwambia.

"Mama, hiyo mvua haina breki. Ikinikuta kwa hii udongo, gari inakaa hapa mpaka Krismasi. Madam, turudi na tangi."

"Mkirudi nalo," mama akasema, na sasa hakuwa anacheka, "hiyo mvua itaingia wapi? Punda wangu wote wamekufa. Nabeba maji kwa mgongo kutoka mbali, na hii ndiyo mvua tumengoja."

Muthama alishika kamba akasimama hivyo hivyo. Niliona anavyopima: gari likikwama hapa, ni kosa lake, tangi likishuka bila pesa, ni ufunguo mezani, akirudi nalo, mama huyu atatazama maji yakizama ardhini. Nikajikuta nasema kabla sijamaliza kufikiri, jambo ambalo si kawaida yangu.

"Fungua. Tangi litashuka, nami nitabaki nalo. Mimi ni mfanyakazi wa duka. Mahali nilipo na mali ya duka, mali hiyo bado haijapelekwa. Haijapokelewa. Ni kama iko dukani."

"Kwa hivyo wewe sasa ndio duka?" Muthama akauliza.

"Leo mimi ndio duka."

"Na ukirudi bila pesa?"

"Nitarudi na tangi."

"Kwa mgongo?"

Hakungoja jibu. Alifungua kamba, tukaliviringisha sote watatu hadi chini ya gata, nami nikachukua kifuniko kutoka kabini nikakikumbatia. Lori liliondoka likiruka kwenye nyufa za udongo. Nilibaki nimeegemea tangi tupu, mwanamke mwenye shahada mbili, nikijiambia kwamba hoja yangu ilikuwa imara, na nikigundua udhaifu wake mmoja baada ya mwingine.

Mvua ilikuja bila kutanguliwa na matone. Nilikiweka kifuniko kichwani kama mwavuli. Bomba la gata nilikuwa nimelielekeza pembeni, na maji ya mwanzo yaliyotoka yalikuwa ya rangi ya kahawia, yamejaa vumbi na kinyesi cha ndege. Maji hayo hayawekwi tangini. Mnajua, nami nililishukuru jambo hilo kwa sababu lilinipa muda. Sharti la duka lilikuwa wazi: tangi lililoingia maji halirudi. Likishalowa ndani, limeuzwa, na kama pesa haipo, limeuzwa na Muthama.

Lakini maji yakaanza kuwa meupe. Mama Resian alikuwa amepanga sufuria na ndoo zote, zikajaa, na yaliyozidi yakawa yanachimba mfereji miguuni mwetu.

"Madam, maji imekuwa safi," akasema.

Nilikikaza kifuniko kichwani kwa mikono miwili.

"Unaogopa nini? Tangi itatoroka?"

"Naogopa Muthama atafutwa kazi. Likiingia maji haliwezi kurudi, na mzee asipokuja na pesa, dereva ndiye atakayelipa kwa kazi yake. Ana watoto shuleni."

Tulisimama pamoja chini ya bati tukitazama maji yakienda. Kisha akauliza, taratibu, "Na mtu akinunua tangi kwenu, haruhusiwi kuangalia kama inavuja?"

"Anaruhusiwa. Kabla ya kulipa."

"Inaangaliwa na nini?"

Nikamkumbuka yule kijana wa kitanda. Nilimtazama Mama Resian, naye akanitazama bila kupepesa. "Na maji," nikasema.

"Basi mimi nataka kuangalia."

Ningeweza kumwambia kwamba kibuyu kimoja kinatosha. Sikumwambia. Niliushika mwisho wa bomba mimi mwenyewe nikauingiza tangini, na maji ya kwanza yakagonga sakafu ile kavu. Nikaanza kukagua maungio ya koki kwa kidole, nikizunguka na kurudi, nikitafuta unyevu katika dunia ambayo yote ilikuwa imelowa.

"Tuangalie polepole," Mama Resian akasema. "Ikijaa tutakuwa tumeangalia vizuri."

Mzee hakuja jioni. Mto mkavu ulio njiani ulikuwa umejaa, na mtu aliyepita alisema hakuna anayevuka. Usiku wenyewe sitausimulia. Nilipewa kitanda, sikukitumia.

Mumewe alitokea asubuhi, suruali ameifunga shingoni, shuka limemganda mwilini. Jina lake lilikuwa Parmuat. Alimkuta mwanamke asiyemjua ameketi mbele ya nyumba yake amekalia kifuniko cha tangi.

"Huyu ni nani ameketi hapa kama askari?"

Mkewe alimweleza kwa Kimaasai, kwa kirefu, na mara mbili nikasikia salamu ile ikitajwa na wote wawili wakicheka. Mimi nilikuwa natazama mikono yake, nikitafuta mfuko, pakiti, chochote. Hakuwa na kitu. Alilikaribia tangi akaanza kuligonga kwa rungu kuanzia chini, akipanda, ametega sikio. Karibu kabisa na juu mlio ulibadilika. Akasimama hapo.

"Hii maji ni ya nani?"

Nilitafakari swali hilo kwa uaminifu. "Maji ni yako, mzee. Yametoka kwa paa yako. Tangi ndilo bado si lako."

"Kwa hivyo maji yangu imelala kwa nyumba ya wenyewe."

"Ndiyo."

Parmuat akainua shuka. Kiunoni alikuwa amejifunga karatasi ya nailoni iliyokazwa kwa mpira wa baiskeli, na ndani yake mlikuwa na bei ya dume, kavu. Tuliingia ndani, pasipo upepo, tukahesabu. Nikampa kifuniko. Hapo ndipo tangi lilipopokelewa.

Mama Resian alinisindikiza kwa miguu hadi senta ya maduka, tukizama hadi kwenye mashavu ya miguu, na trekta la mtu likanichukua hadi lami kwa nauli iliyomaliza pesa zangu zote za mfukoni. Pale barabara ya Mashuuru inapokutana na lami nililiona lori letu. Lilikuwa limeegeshwa likiwa limeelekea Kitengela, limekauka tope hadi kwenye madirisha, na Muthama alikuwa ndani, mikono juu ya usukani.

"Hukwenda nyumbani?" nikauliza.

"Niende kwa Mzee Kariuki na gari tupu nimwambie nini? Kwamba duka imebaki Mashuuru?" Nikampitishia pakiti ya nailoni dirishani. Aliibana kati ya viganja vyake viwili, akainamisha kichwa, na midomo yake ikasema jambo kwa Kikamba. Kisha akaiweka kitini na kuikalia.

Hakuwa amekula tangu chai ya Mama Resian, nami vilevile. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha chai na mandazi. Nilikwenda, nikaagiza, mwenye kibanda akamimina, halafu akauweka mkono wake juu ya vikombe.

"Lipa kwanza, dada. Watu wa magari mnaondokanga."

Nikageuka kumtazama Muthama. Mfuko wangu ulikuwa mtupu, wake ulikuwa mtupu, na chini yake palikuwa na dume zima. Alielewa kutoka kule alikokuwa. Akatikisa kichwa mara moja, akawasha gari.

Tuliingia Kitengela mchana, tumbo linaunguruma kuliko injini. Mzee Kariuki alizipokea pesa, akazipitia, akazifungia kwenye sefu bila kutuuliza kwa nini tumelala njiani. Muthama alikuwa amesimama mbele ya meza, ufunguo wa gari mkononi, ameuinua kidogo tu, hajui kama auweke au aurudishe mfukoni.

"Kuna simenti ya Isinya," Mzee Kariuki akamwambia, akiwa ameshageukia kazi nyingine. "Pakia."

Muthama aliipakia kabla ya kula.